Ustahimilivu wa Chakula: Tumbo Lililopunguzwa na Sambaza za Kukaanga

Karatasi anayopewa mgonjwa baada ya upasuaji wa kupunguza uzito huwa na mstari mmoja unaosumbua: vyakula vya kukaanga vianzishwe baadaye, kidogo kidogo, kulingana na toleransi. Mkazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, huusoma mstari huo kwa Kifaransa, au kwa Kiingereza ikiwa alikatwa Nairobi au India. Akirudi nyumbani, humwomba kijana wa shule amtafsirie, na kijana hutoa neno la kwanza linalomjia: uvumilivu. Hapo ndipo taabu inapoanza. Mimi natetea neno jingine, ustahimilivu wa chakula, na naona jambo hili ni la afya kabla ya kuwa la lugha.

Uvumilivu ni sifa ya moyo. Tunamsifu nao mtu aliyefiwa, mtu aliyehama kwao na kulala chini ya turubai, mama anayesubiri maji tangu alfajiri. Mvumilivu hula mbivu, twaambiana. Basi mgonjwa akisoma kwamba ale vya kukaanga kulingana na uvumilivu wake, ataelewa vizuri kabisa: ajikaze, ameze, maumivu yatapita. Daktari alikusudia kinyume chake. Alitaka mgonjwa achunguze tumbo lake linaweza kubeba nini, kiasi gani, na akomee hapo. Kustahimili kunatufaa kwa sababu tumekwisha kulizoeza neno hilo kazi hiyo mahali pengine. Bwana shamba husema mbegu hii inastahimili ukame, ile haistahimili, na hakuna anayeilaumu mbegu kwa kukosa moyo. Ni habari ya uwezo wa kiumbe katika hali fulani. Tumbo lililopunguzwa linastahili kusemwa hivyo hivyo, bila kumtia aibu mwenye tumbo.

Kwa kinyume cha neno hilo, watu wa Goma wanacho chao tayari. Mama akila kitu kikamchafua tumbo, husema: "Hii chakula inanikatala." Kwa Kiswahili cha vitabuni ni chakula kinanikataa, kama tunavyosema dawa imemkataa. Katika maandishi ya hospitali tuandike kutostahimili chakula, lakini muuguzi anapozungumza na mgonjwa, amuulize tu: ni chakula gani kinakukatala? Atajibiwa mara moja. Tusilichanganye jambo hili na mzio. Mzio ni kinga ya mwili kukivamia chakula kana kwamba ni adui: ngozi huwasha, midomo huvimba, pumzi hubana, na hata punje moja yatosha kuleta hatari. Katika kutostahimili, kiasi ndicho hakimu. Kijiko kimoja hupita salama, sahani nzima hurudi.

Tumbo hubadilika vipi hata likatae kile lilichokuwa likikipokea miaka yote? Inategemea limekatwaje. Katika upasuaji uitwao slivu, ambao sasa ndio unaofanywa zaidi duniani, daktari huondoa takriban robo tatu ya tumbo au zaidi kidogo, likabaki bomba jembamba. Katika baipasi, ambayo Edward Mason na Chikao Ito waliianzisha Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960, hutengenezwa kifuko kidogo cha kama mililita 30 kilichounganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula huruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Kuna pia puto linaloingizwa tumboni bila kukata, ambalo Watanzania wengi walilisikia kupitia hospitali ya Mloganzila. Hilo si upasuaji, ingawa nalo huleta kichefuchefu siku za mwanzo.

Sasa mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori tisa, zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga au ya protini. Ili yasagwe, yanahitaji nyongo kutoka ini na vimeng'enya kutoka kongosho, na vyote viyakute kwa wakati. Kwa aliyefanyiwa baipasi, nyongo hukutana na chakula mbele zaidi, baada ya chakula kusafiri peke yake kipande cha njia, na kwa baadhi ya watu mafuta mengine hupita bila kusagwa. Matokeo ni gesi, tumbo kunguruma, na choo cheupecheupe kinachong'aa mafuta. Kwa aliyefanyiwa slivu shida huwa juu zaidi: bomba lina shinikizo, chakula kizito cha mafuta hukawia, na kiungulia hupanda hadi kooni. Yote mawili ni kutostahimili mafuta, lakini hayafanani, na daktari atahitaji kusikia ni lipi.

Wagonjwa wengi huyaita yote hayo dampingi, neno lililozagaa hospitalini hata kwa Kifaransa. Dampingi ni kitu mahususi. Mwaka 1922 daktari Charles Mix wa Chicago alilitumia neno hilo kueleza tumbo lililopasuliwa ambalo lilikuwa likimwaga chakula utumboni kwa kasi, badala ya kukiachia kidogo kidogo. Kwa Kiswahili ningesema mmwago wa tumbo. Mmwago wa mapema huja ndani ya nusu saa au saa moja baada ya kula: moyo kwenda mbio, jasho, kizunguzungu, tumbo kusokota, kuharisha. Wa baadaye huja kati ya saa moja na saa tatu, insulini inapokuwa imezidi na sukari ya damu ikashuka. Mtu hutetemeka na kulegea. Na mchochezi mkuu ni sukari na wanga mwepesi. Mafuta yanaweza kuongeza taabu, lakini soda na chai yenye sukari ya vijiko vinne hutangulia mbali. Anayeamini kwamba mafuta peke yake ndiyo yanayomletea mmwago ataacha samaki wa kukaanga na kuendelea na fanta, naye atashangaa kwa nini haponi.

Tuangalie vyakula vyenyewe, kama vinavyokutwa Goma. Sambaza ndio samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni chakula cha kila nyumba. Wakikalangwa, kama wasemavyo pale, huwa wakavu na watamu, huliwa wazima na miiba yao. Lakini samaki mdogo ana ngozi nyingi zaidi kwa kulinganisha na nyama yake, kwa hiyo kilo moja ya sambaza hunywa mafuta mengi kuliko samaki mkubwa wa uzito huohuo, na miiba iliyokaushwa isipotafunwa vizuri hukwama penye mlango mwembamba. Sambaza haohao wakichemshwa kwa nyanya na kitunguu, na mafuta yakawa kijiko kimoja cha mawese kwa sufuria nzima, huwa miongoni mwa vyakula bora kwa mtu huyu, maana kinachotangulizwa kwenye sahani yake ni protini. Samaki hana kosa. Makemba, yaani ndizi za kupika, nayo yakikaangwa hubeba wanga na mafuta kwa pamoja. Yakichemshwa na kupondwa hupokewa mapema zaidi.

Andazi ndilo gumu kuliko vyote, ingawa linaonekana jepesi mkononi. Lina ngano, sukari na mafuta, vyote katika mkate mmoja. Ngano laini hugeuka donge katika kifuko kidogo, sukari huleta mmwago, mafuta huleta kichefuchefu. Mtu akila andazi akaugua, hawezi kujua ni kipi kati ya vitatu kilichomkataa. Kwa sababu hiyo majaribio ya ustahimilivu hufanywa kwa chakula kimoja kipya kwa wakati, kidogo sana, nyumbani, bila kinywaji pembeni. Barabarani, kwenye karai ambalo mafuta yake yamekaangia tangu asubuhi, si mahali pa kujaribia.

Wapo watakaouliza kwa nini nizungumzie haya katika mji uliojaa watu wenye njaa. Swali ni la haki. Lakini kisukari na shinikizo la damu vipo Goma pia. Zaidi ya hayo, tangu Januari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji na uwanja wa ndege ukafungwa, kurudi kwa daktari wa mbali kumekuwa kugumu sana. Mgonjwa amebaki na karatasi yake. Basi maneno ya karatasi hiyo ndiyo daktari aliyebaki naye.

Kuna maana moja zaidi ambayo ustahimilivu haupaswi kuibeba: ruhusa. Miezi ikipita, matumbo mengi hujifunza. Mtu aliyetapika kwa kipande kimoja cha kiazi cha kukaanga mwezi wa tatu anaweza kula sahani nusu baada ya mwaka bila dalili yoyote, hasa aliyefanyiwa slivu. Hufurahi, na wengi hudhani wamepona. Kumbe kilichoondoka ni onyo. Kilokalori tisa kwa gramu hazikwenda popote. Uzito hurudi kwa njia hiyo, kimya, kwa watu ambao tumbo lao halilalamiki tena. Ningependa karatasi iandike mistari miwili iliyoachana: unachostahimili, na unachoshauriwa kula.

Pia yapo mambo ambayo yakiandikwa "kutostahimili" yanaficha ugonjwa. Kupungua uzito kwa kasi huzalisha vijiwe vya nyongo, ndiyo maana baadhi ya madaktari hutoa dawa ya kuvizuia kwa miezi ya mwanzo. Anayepata maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya chakula cha mafuta, pamoja na homa au macho ya manjano, hajakataliwa na sambaza. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na anayetapika kila anachokula kwa siku mfululizo, hata uji na maji, yumo katika hatari ya kuishiwa vitamini B1, ambayo mwili hauna akiba yake kubwa, na ukosefu wake hudhuru ubongo: macho huyumba, miguu hukosa mwendo, akili huchanganyikiwa. Muuguzi atakayempokea aambiwe kwanza kwamba mtu huyu alipunguzwa tumbo na tangu lini anatapika, ili apewe vitamini hiyo kwa sindano kabla ya kuwekewa dripu ya sukari.