FAHAMU: FlipFlopi, jahazi la ndara lililokuja mpaka Mji Mkongwe

Leo tuzungumze sanaa, lakini si ile ya picha za Tingatinga zinazoning'inia madukani kule Gizenga. Iko sanaa nyengine ambayo msanii anasimika kitu kikubwa mahali, na wewe mtazamaji unaingia ndani yake, unakigusa, unakizunguka, pengine unapanda juu kabisa. Bila ya wewe kuwepo, kazi haijakamilika. Wasanii wengi duniani wameitumia kuuliza swali moja: binadamu na plastiki yake, wanaishi vipi na bahari, miti na ardhi?

Sasa usidhani mambo haya yako Ulaya tu. Kwetu mwambao mfano wake mkubwa ni jahazi. Linaitwa FlipFlopi, na mwaka 2019 lilitia nanga hapahapa Unguja. Kwa asiyelijua, na kwa aliyeliona akapita zake, soma.

NI KITU GANI HASA?

FlipFlopi ni jahazi la tanga lililojengwa Lamu, Kenya, lote kwa plastiki iliyokwishatupwa. Urefu wake ni mita 9 hivi. Plastiki iliyotumika inakisiwa tani 10, na ubavuni limevishwa ndara kama 30,000 zilizookotwa fukweni. Ndara, malapa, kandambili, ita unavyoita, ni kitu kilekile unachovaa ukienda kuoga.

Wazo lilianza mwaka 2016. Aliyelianzisha ni Ben Morison, na pamoja naye yumo Dipesh Pabari, Mkenya. Lakini mtu wa kumkumbuka hapa ni fundi Ali Skanda wa Lamu, kwa sababu yeye na mafundi wenzake ndio waliobeba kazi. Fundi aliyezoea mbao aliambiwa ajenge jahazi kwa chupa na ndoo mbovu! Jahazi likashushwa majini tarehe 15 Septemba 2018.

LILIJENGWA VIPI?

Plastiki inakusanywa, inachambuliwa kwa aina, inaoshwa, inasagwa vipande vidogo. Halafu inayeyushwa na kumiminwa katika kalibu, inatoka imekuwa ubao au boriti. Kuanzia hapo fundi anafanya kazi kama kawaida: anapiga msumeno, anapiga randa, anagonga. Mkuku ni plastiki, mataruma ni plastiki, mbao za ubavuni ni plastiki.

Ukisikia hivyo unaona rahisi. Si rahisi hata kidogo. Ubao wa mti una nyuzi zinazoupa nguvu, plastiki haina. Mti ukishakauka umeshatulia, lakini plastiki ikipigwa na jua inatanuka, ikipoa inarudi. Tena plastiki inapinda. Kwa hiyo kile ambacho fundi alikirithi kwa wazee wake kilibidi kipimwe upya, kipande kwa kipande. Faida nayo ipo: plastiki haiozi, na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao hawana njaa nayo. Na hiyo sifa ya kutooza ndiyo hasa inayoifanya iwe balaa ikiingia baharini.

Ndara zilikatwa vipande zikaunganishwa kuwa shuka kubwa, kisha zikabandikwa nje ya jahazi. Ndiyo maana ukiliona kwa mbali ni rangi tupu: buluu, nyekundu, njano, kijani, kama nguo ya viraka.

SAFARI YA KUJA UNGUJA

Mwishoni mwa Januari 2019 jahazi lilitweka tanga kutoka Lamu, likashuka mwambao wa Kenya, Mombasa ikiwa njiani, na mwezi wa Februari likafika Mji Mkongwe. Safari ya kilomita 500 hivi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) liliunga mkono kupitia kampeni yake ya Clean Seas. Kila kituo watu walikaribishwa kuja kuona, wanafunzi wa skuli wakifundishwa, fukwe zikisafishwa.

Wazee wa bahari wanajua kwa nini Januari. Huo ni msimu wa kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini kuja kwetu. Majahazi yamekuwa yakiufuata upepo huo karne na karne kutoka Arabuni kuja Unguja. FlipFlopi nalo likaufuata.

Hapa kuna jambo wengi hawalijui. Upepo wa kaskazi unakuja kusini, lakini mkondo wa maji wa mwambao wetu unakwenda kaskazini. Ndara ikikatika mkanda pale pwani ya Unguja ikatupwa majini, inaweza kusukumwa taratibu kuelekea Mombasa, Malindi, mpaka Lamu. Hakuna awezaye kusema kipande kile pale ubavuni ni cha fulani. Lakini hakuna Mzanzibari awezaye kuapa kwamba cha kwake hakimo!

KWA NINI NDARA NA SI CHUPA?

Kwa maoni yangu hapa ndipo jahazi hili linapozishinda kazi nyingi za sanaa ya taka. Chupa ya maji ukiiona pwani ya Nungwi au Paje una maneno tayari: wageni hao, mahoteli hayo. Pengine kweli. Lakini ndara? Ndara ni kiatu chetu. Iko mlangoni kwa kila mtu, iko msikitini pa kutawadhia, mvuvi anayo, mama muuza samaki anayo. Ikikatika inaungwa kwa waya, ikikatika tena inatupwa. Mtu anayesogea kulishika jahazi lile anagusa kiatu ambacho kingeweza kuwa cha mwanawe. Kisingizio kinakwisha hapo.

Na sheria haitusaidii sana upande huo. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, mbele ya wengi. Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Vizuri sana. Lakini marufuku hizo ni za mifuko. Ndara haikuguswa, na nani atathubutu kuikataza? Maskini avae nini?

MTEPE NA FLIPFLOPI

Ili uone tumetoka wapi, kumbuka mtepe. Hicho kilikuwa chombo cha Waswahili wa mwambao, kilichotoweka katika karne ya 20. Mtepe haukuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, tanga lake lilikuwa la mkeka. Mfano wake ulijengwa ukawekwa ndani ya Beit el-Ajaib pale Forodhani, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Weka hivyo vyombo viwili ubavu kwa ubavu. Mtepe ulitoka msituni na shambani, ukichakaa unarudi udongoni. FlipFlopi limetoka jaani, na plastiki yake itakuwepo baada ya sisi sote kuzikwa. Umbo ni la mwambao uleule, bahari ni ileile. Kilichobadilika ni tulivyonavyo mkononi.

Na tusijidanganye kwamba plastiki ni adui wa nje. Kina mama wa mwani kule Jambiani na Paje wanafunga mwani wao kwa kamba za nailoni na taitai. Wakifunga kwa makumbi, yataoza na mavuno yatakwenda na maji. Plastiki inawalisha, na hiyohiyo ikikatika inabaki baharini. Ndiyo hali yetu. Anayekwambia ni jambo jepesi hajashinda majini.

WENGINE WALIOFANYA

- Kampala, Uganda: msanii Ruganzu Bruno Tusingwire aliwajengea watoto wa mtaa wa Acholi Quarter kiwanja cha michezo kwa chupa za plastiki na taka nyengine. Watoto wanapanda, wanacheza. Mwaka 2012 alipata tuzo ya TED ya mambo ya miji.
- Kenya: Ocean Sole wanaokota ndara fukweni na kuchonga wanyama, kuanzia kasa mdogo mpaka twiga mrefu kuliko mtu.
- London: El Anatsui, mzaliwa wa Ghana, alining'iniza mapazia makubwa ya vifuniko vya chupa katika jumba la Tate Modern, Oktoba 2023 mpaka Aprili 2024. Watu walipita chini yake na kuyazunguka.
- Unguja: Chako wanatengeneza glasi na taa kwa chupa zinazotoka mahotelini.

LAWAMA

Wako wanaosema jahazi moja la tani 10 si kitu mbele ya taka za bahari nzima. Kweli. Wengine wanasema ukiipamba taka unaifanya ipendeze, watu waone plastiki haina neno. Hilo nalo ni hoja nzito. Picha nzuri ya jahazi la rangi inaweza kuwa ya kupigia picha tu.

Mimi nasema hivi: jahazi hili halikujengwa kumaliza plastiki, lilijengwa kumaliza visingizio. Lilipotoka Lamu likaenda Ziwa Victoria mwaka 2021, Kenya, Uganda na Tanzania, kuwauliza watu wa maji baridi swali lilelile. Likiulizwa swali likajibiwa kwa picha peke yake, sanaa imeshindwa. Likijibiwa kwa mtu mmoja kuacha kutupa majini, na kwa serikali na mahoteli kukusanya taka za mitaa kama wanavyokusanya kodi na wageni, basi mafundi wa Lamu hawakutoka jasho bure.

Haya wadau, uwanja wenu. Ndara yako ya mwisho iliyokatika ulifanya nini nayo? Usitukane, jibu kweli, hapo chini kwenye maoni.