Mwenye Viti Vichache Ndiye Mwenye Ufunguo



Wengi wetu tumelelewa tukijua kuwa uchaguzi una mshindi mmoja. Aliyepata nyingi huchukua vyote, na aliyekosa hurudi nyumbani kununa. Lakini hesabu za kura haziyatii mazoea hayo kila mara. Leo nataka tutazame chaguzi mbili ambazo hakuna chama kilichopata viti vya kutosha kutawala peke yake: mmoja wa Birmingham, jiji wanaloishi ndugu zetu wengi, na mwingine wa kwetu Zanzibar. Mimi ni mhandisi, kwa hiyo mtanisamehe nikianza na tarakimu.

Tarehe 10 Juni 2004 watu wa Birmingham walichagua madiwani wote 120 wa Baraza la Jiji kwa mara moja, kwa kuwa mipaka ya kata ilikuwa imechorwa upya. Labour walipata viti 53, Conservative 39 na Liberal Democrats 28. Ili kuongoza bila ya kumtegemea mwenzio ulihitaji viti 61. Labour, walioshika baraza hilo tangu 1984, walikuwa bado ndio wakubwa kuliko wote, lakini walipungukiwa viti 8.

Sasa tazama nani aliyeshika ufunguo. Si mwenye 53 wala mwenye 39, bali yule wa mwisho mwenye 28. Akienda kwa Labour, jumla ni 81. Akienda kwa Conservative, jumla ni 67. Akaenda kwa Conservative. Mike Whitby akawa kiongozi wa baraza, na mseto huo ukadumu miaka 8, mpaka Labour walipopata wingi wao mwaka 2012.

Wala tusidhani kwamba wenzetu hawa ni malaika. Katika uchaguzi huohuo kura za posta ziliibiwa katika kata za Aston na Bordesley Green. Mwezi wa Aprili 2005 Richard Mawrey, aliyekaa kama hakimu wa mahakama ya uchaguzi, alifuta matokeo ya kata zote mbili na kusema kwamba wizi ule ungeiaibisha hata nchi isiyo na utawala wowote wa maana. Sheria mpya ya 2006 ikataka mpiga kura wa posta aweke saini na tarehe ya kuzaliwa ili ihakikiwe. Kosa lilitokea, likasemwa hadharani, na mlango ukatiwa komeo.

Turudi kwetu. Mwezi wa Januari 1961 Zanzibar ilipiga kura kwa viti 22. ASP walipata 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake ASP walikichukua kwa kura moja tu! Hapa tena ufunguo ulikuwa kwa mdogo, lakini ZPPP wenyewe wakagawika: wawili wakaenda ZNP, mmoja akaenda ASP. Ikawa 11 kwa 11, serikali haikuundika. Kikaongezwa kiti kimoja, na uchaguzi ukarudiwa Juni 1961. ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3. Safari hii ZPPP wote wakajiunga na ZNP, na Mohammed Shamte akawa Waziri Kiongozi. Lakini siku ya kura yenyewe fujo zilizuka, na watu 68 wakauawa.

Tarakimu zinafanana. Kwa nini matokeo yakawa mbalimbali hivyo? Si kwamba watu wa Birmingham wana busara zaidi. Labour waliopoteza mwaka 2004 walijua kwamba baada ya miaka miwili theluthi moja ya viti itapigiwa kura tena, na kwamba kilichopotea ni uongozi wa baraza, si nchi. Zanzibar ya 1961 ilikuwa inakaribia uhuru. Kila upande uliamini kwamba atakayekaa kwenye kiti siku Mwingereza anaondoka hatainuka tena. Mtu anayeogopa kwamba hakuna kesho hawezi kukubali kushindwa leo.

Hata maktaba kubwa ya Birmingham inatufundisha jambo hilo. Ujenzi wake ulianza 2010 chini ya mseto, ukamalizika 2013 chini ya Labour. Waliokuja hawakuibomoa kwa sababu ilianzwa na wengine.

Wazanzibari nao walilielewa somo hili. Julai 2010 asilimia 66.4 ya waliopiga kura ya maoni walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Serikali hiyo imepita katika misukosuko, ikavunjika baada ya uchaguzi wa 2015 kufutwa, ikaundwa tena 2020. Kujenga upya ni kazi ya kuchosha, lakini ni nafuu kuliko kuzika.

Neno la mwisho kwa mlioko Uingereza. Mtanzania au Mkenya anayeishi huku kihalali ni raia wa Jumuiya ya Madola, na ana haki ya kupiga kura hata kama hana pasipoti ya Kiingereza. Wengi wetu hatujiandikishi, halafu tunalalamika juu ya takataka, shule na nyumba. Kumbukeni Chake Chake. Kura moja ilitosha.