Krosova, au kigawamasafa

Nchini Tanzania neno sabufa limemeza seti nzima: boksi kubwa linalokaa sakafuni, spika zake ndogo, hata redio iliyo ndani yake. Kwa mafundi, sabufa ni ile spika moja inayobeba besi ya chini kabisa. Kinachoamua ibebe nini na iwaachie wenzake nini ni krosova, na wengi wanayo nyumbani bila kuijua kwa jina.

Krosova hupokea muziki mmoja na kuutoa kwa njia mbili au zaidi. Masafa ya juu huenda kwenye spika ndogo, ya chini huenda kwenye sabufa. Ndani ya spika ya kawaida kazi hiyo hufanywa na kapasita, inayopitisha masafa ya juu, na koili, inayopitisha ya chini. Wapo wanaoiita kichujio, na kweli ndani yake mna vichujio, ila jina hilo lapotosha: chujio la chai hubakiza machicha ya kutupwa, ilhali krosova hugawa vyote. Jina la Kiingereza limetokana na mchoro, ambamo mstari wa masafa ya chini unaoshuka hupishana na ule wa masafa ya juu unaopanda. Kulifuata neno kwa neno kungetupa kivuko, na kivuko tukiache Kigamboni. Mimi nachagua kigawamasafa, maana kinataja kazi.

Kazi hiyo huonekana vizuri pale besi inapozidi. Mtu ana spika mbili kubwa sebuleni, nyumba inavuma kila gitaa la besi linaposhuka, kisha fundi anamshauri anunue sabufa. Ushauri huo una mantiki, kwa kuwa mara nyingi mkosaji ni chumba. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, hivyo wimbi la hezi 43 lina urefu wa takriban mita 8. Chumba chenye mita 4 kutoka ukuta hadi ukuta hutoshea nusu yake barabara. Wimbi linadundadunda humo na kujiongezea nguvu. Na uzi mnene zaidi wa gitaa la besi la nyuzi 4 hutoa hezi 41, karibu kabisa na wimbi hilo. Tena kuta zetu za matofali ya saruji hurudisha besi karibu yote, tofauti na kuta za mbao na jasi za Marekani, ambazo hutikisika na kuinyonya kidogo. Zulia na mapazia hutuliza sauti nyembamba tu.

Wimbi hilo lina nguvu zaidi kwenye kuta na hafifu katikati ya chumba. Anayeegemeza kochi ukutani hulisikia lote. Spika kubwa nazo haziwezi kuhamishwa ovyo, kwa sababu zisipokaa mbele ya msikilizaji, mwimbaji ataonekana kuimbia jikoni. Kigawamasafa hufungua fundo hapo: besi hunyang'anywa spika kubwa na kupewa sabufa, ambayo huwekwa mahali pasipoamsha wimbi lile na kupunguzwa peke yake.

Mpaka wa kawaida ni hezi 80. Chini ya hapo sikio hutambua kwa shida sauti inatoka upande gani. Wengi hutumia mpangilio wa Siegfried Linkwitz na Russ Riley, wahandisi wa Hewlett-Packard, ulioelezwa mwaka 1976: kila upande huwa umeshuka desibeli 6 penye makutano, na zikijumlishwa sauti hutoka sawa.

Mgawo lazima uwe wa pande zote mbili. Ukiunganisha sabufa huku spika kubwa zikiendelea kupiga besi ile ile, umeongeza mzigo juu ya mzigo, na amplifaya nyingi za bei nafuu hufanya hivyo hasa.

Kupata mahali pa sabufa, iweke kwenye kiti chako, piga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha tambaa kandokando ya kuta ukisikiliza. Pale noti zote zinaposikika kwa usawa, ndipo pake. Nyuma ya sabufa kuna swichi ya fezi, 0 na 180. Rudi kitini na uchague upande unaotoa besi nyingi zaidi karibu na mpaka, maana hapo sabufa na spika zinasukuma pamoja. Baada ya hapo ndipo upunguze kitufe cha sabufa.