Kufumba Faili Si Kulificha

Baadhi ya simu na kompyuta zenye menyu ya Kiswahili humwamuru mtumiaji "simba kwa njia fiche", yaani ageuze data zisisomeke bila nywila. Maneno manne kwa kitendo kimoja, na bado hakieleweki. Walioyapitisha walikaa mbali sana na steshenari za Endagikot, wilayani Mbulu. Huko Kiiraqw ndicho lugha ya nyumbani, na mtu aliyejifunza Kiswahili shuleni akisoma "simba" humfikiria mnyama kwanza.

Mnyama anasameheka. Kosa kubwa liko kwenye "fiche". Karani wa kikundi cha kuweka na kukopa akiambiwa madeni ya wanachama yawe fiche, ataibofya folda, ataichagulia isionekane, kisha ataondoka ameridhika. Atakayemfuatia kwenye kiti akiiruhusu Windows ionyeshe folda zilizofichwa, atasoma kila jina na kila deni.

Neno sahihi lipo siku zote: kufumba. Tangu enzi za mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, na hata kabla yake, fumbo ni maneno yanayosikika waziwazi huku maana yake imefungwa. Faili lililofumbwa nalo laonekana, lakini halisomeki. Sarufi pia inakubali: ziba na zibua, funga na fungua, fumba na fumbua. Waarabu husema tashfir, kutoka shifra, kutoka chiffre ya Kifaransa, ambayo asili yake ni sifr ya Kiarabu hichohicho, ndiyo iliyotupa sifuri. Kiswahili hakina haja ya mzunguko huo.

Mwandishi huyu amewahi kujibiwa, kwa dharau, kwamba faili halina macho ya kufumbwa. Kinywa nacho hakina macho, na hufumbwa. Wengine hulitetea neno "simba" kwa "kisimbuzi", kifaa cha kupokea matangazo ya televisheni ya dijitali, ilhali tangu mitambo ya analojia ya televisheni ianze kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mitaani kifaa hicho ni king'amuzi. Wapo pia wanaokumbusha kuwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulijua. Kweli: nywila ya "123456" ni fumbo la namna hiyo.

Namna ya kufumba ni fupi. Kwa programu ya 7-Zip, igeuze folda kuwa faili la 7z, weka nywila ndefu, chagua majina ya mafaili yafumbwe pia, kisha futa folda ya awali. Word na Excel zina nywila yake kwenye menyu ya faili. Programu ya VeraCrypt hutengeneza hifadhi nzima iliyofumbwa, hata kwenye flashi. Nywila ikipotea, hakuna fundi wa kukusaidia.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka watunza taarifa za watu wazilinde. Wanaoandaa miongozo kwa makarani waandike "fumba faili", na hiyo "njia fiche" waifute.