Umbali wa Shina na Shina: Pamba, Amri na Mkulima wa Usukuma

Historia ya pamba ya Usukuma kwa kawaida husimuliwa kupitia bei na ushirika, na Shirikisho la Victoria la mwaka 1955 lastahili sura yake. Mimi naanzia chini zaidi, kwenye umbali kati ya shina na shina.

Mpamba uliobanwa na wenzake hutoa matawi machache ya pembeni. Vitumba vyake hupungua, lakini hutunga mapema, na shamba hukomaa kwa pamoja. Ulioachiwa nafasi hutanuka, huendelea kuchanua, hukawia kupasua. Naitrojeni ikizidi, hasa ikichelewa kuwekwa, hustawisha majani na kuahirisha ukomavu. Ikikosekana, mmea hudumaa.

Elimu ya kilimo bora ilikuwepo Ukiriguru tangu enzi za Mwingereza. Ilipofikishwa shambani ilivaa sare ya askari. Chini ya Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, matuta ya kuzuia maji na matumizi ya samadi viliingizwa katika sheria ndogo za watemi. Aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa. Lakini mkulima alikuwa na hesabu yake. Mvua za kwanza aliziwekea mtama na mahindi, kwani pamba hailiwi. Samadi ilidai mkokoteni, na wengi hawakuwa nao. Kila tuta lilikuwa kazi ya mke na watoto, ambao hakuna bwana shamba aliyewahesabu. Akachagua plau ya ng'ombe na ardhi mpya ya Geita. Ndiyo maana pamba iliongezeka mno miaka ya 1950, zaidi kwa upana wa mashamba kuliko kwa mavuno ya ekari. Kufikia mwaka 1958 upinzani ulikuwa umeilazimisha serikali kulegeza amri zake.

Miaka ya karibuni ushauri umehama kutoka sentimita 90 kwa 40 hadi 60 kwa 30, miche miwili kila shimo. Ekari iliyokuwa na mashina 22,222 sasa yabeba 44,444. Kisayansi sina ugomvi nao. Ila mashimo ni maradufu, palizi ya ng'ombe hupata taabu katika mistari finyu, na udongo uleule wa kichanga walisha mara mbili ya midomo. Bila mbolea, mkusanyiko huo ni njaa ya pamoja.

Basi ninyi mnaoandika maagizo ya wilaya: mbolea hiyo yaja kwa mkopo wa nani, na bei ikishuka msimu wa ununuzi, deni atalibeba nani?