Juni 2009: mkonga wafika, seva zafutwa

Wadau, Juni 2009 sisi wa Othaya tunaikumbuka kwa mkonga. Rais Kibaki, aliyekuwa pia mbunge wetu tangu 1974, alikuwa Mombasa kuupokea mkonga wa TEAMS uliolazwa baharini kutoka Fujairah. Mwezi huo huo kule Uingereza kampuni ya VAserv, iliyokodisha seva za bei nafuu, ilivamiwa na tovuti takriban 100,000 zikapotea. Wateja wengi walikuwa kwenye huduma isiyo na nakala rudufu. Basi, kwao ikawa imekwisha.

Mvamizi hakuhangaika na tovuti moja moja. Mashine pepe ni kama vyumba vya ploti: kila mpangaji ana kufuli yake, lakini keateka ana funguo za vyumba vyote. VAserv waliilaumu HyperVM, programu iliyosimamia mashine hizo, ambayo ukurasa wake ulifikiwa kupitia intaneti. Yaani funguo za keateka zilikuwa zimening'inizwa barabarani.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. IBM iliendesha mashine pepe kwa CP-67 tangu 1967, kisha ikatoa VM/370 mwaka 1972. Opereta alikaa chumba kimoja na kompyuta. Ulinzi ulikuwa kitasa cha mlango. Halafu zikaja VMware ESX (2001), Xen ya Cambridge (2003) na Proxmox (2008), na mtu wa kawaida akaweza kukodi seva Ujerumani akaigawa mwenyewe. Tatizo ni kwamba seva ya kukodi mara nyingi huja na anwani moja tu ya IP, tena ya hadharani. Wageni na mwenye nyumba wakawa wanapitia upande mmoja.

Vitabu vilishauri: ruhusu IP yako pekee. Sawa, kama una laini maalum ofisini. Ukiwa Othaya na modemu ya simu, IP hubadilika kila mara, na anwani hiyo hiyo hutumiwa na wateja wengine wengi wa kampuni ya simu. Ukiiruhusu, umewaruhusu wote. Ndiyo maana wengi waliacha wazi wakategemea neno la siri, na mimi siwalaumu sana. Umbali uliwasukuma.

Lakini dawa ilikuwepo. SSH ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kunaswa kwenye mtandao wa chuo. Kwa Proxmox, fungia watu wa nje mlango namba 8006, acha SSH tu, nayo ikubali ufunguo badala ya neno la siri. (Hakikisha kwanza ufunguo unafanya kazi, usije ukajifungia nje ya seva iliyo Ulaya!) Kisha kwenye kompyuta yako:

ssh -L 8006:localhost:8006 root@seva-yako

Fungua https://localhost:8006 kwenye kivinjari. IP ikibadilika mara kumi kwa siku, si hoja. WireGuard, iliyoingia kwenye kernel ya Linux mwaka 2020, hufanya kazi hiyo kwa wepesi zaidi.

Mnamo Februari 2023 virusi vya ESXiArgs vilifunga kwa usimbaji mafaili ya seva zaidi ya 3,000 za VMware ESXi duniani, vikidai fidia. Wachunguzi walitaja mlango namba 427, uliokuwa wazi kwa intaneti nzima. Kiraka cha kasoro hiyo kilikuwa kimetolewa Februari 2021.