Tope la Meru na Embu hadi Kipini

Mto Tana huingia baharini Kipini, katika Ghuba ya Ungwana, baada ya safari ya takriban kilomita 1,000. Maji yake mengi hutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare. Kwa hivyo hali ya maji anayovua mvuvi wa Kipini inategemea pia wakulima wa Meru na Embu.

Huko juu, mashamba mengine yamelimwa hadi ukingoni mwa mito. Mvua ikinyesha, udongo na mbolea huteremka. Viwanda vya kumenya kahawa navyo vikimwaga maji machafu mtoni, uozo wake hula oksijeni wanayohitaji samaki.

Si tope lote linalofika pwani. Mto Rupingazi wa Embu huingia Thiba, kisha bwawa la Kamburu lililokamilika mwaka 1974, ambamo tope jingi hutuama. Lakini Kathita na Mutonga, za upande wa Meru, hukutana na Tana chini ya Kiambere, bwawa la mwisho kati ya yale ya Seven Forks. Tope lake halina kizuizi.

Tope lenyewe si adui. Ndilo hujenga delta na kulisha mikoko. Likizidi, huzuia mwanga na kufunika nyasi bahari, malisho na maficho ya samaki wachanga.

Delta ya Tana imo katika orodha ya Ramsar tangu 2012. Hata hivyo, ulinzi wake huanzia kwenye miti na nyasi zinazoachwa kandokando ya Kathita.